Lori Lililokunywa Maji ya Kisima

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Soni, kwenye mlima wa kwenda Lushoto, na lori letu lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara na mifuko 140 ya saruji mgongoni. Maporomoko ya maji tuliyasikia tu, giza lilikuwa bado. Ami, dereva wetu, hakuzima injini mara moja. Aliiacha izunguke bila kuikanyagia mafuta, macho yake kwenye mshale wa joto, mpaka uliporudi nyuma kutoka karibu na nyekundu. Ndipo akazima.

Tulikaa karibu nusu saa. Utingo akapanda na tambara lililolowa, akalegeza kifuniko cha rejeta hatua ya kwanza, akangoja mvuke uishe, akamalizia. Kisha akainua dumu la njano ambalo Baba hulijaza mwenyewe kila tunapoondoka, akamimina. Nilikadiria kwa macho: lilipungua lita mbili, labda na kidogo.

Nikainama na tochi ya simu, nikaangaza chini ya injini.

Palikuwa pakavu.

Hapakuwa na tone, hapakuwa na unyevu wowote. Vumbi la Mombo lilikuwa limetulia juu ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kama lilivyopanda.

"Ami, maji yamevujia wapi?"

"Hayajavuja, mwanangu. Limeyanywa. Gari gani halinywi maji?"

Utingo akaongeza, kwa upole wa mtu anayetaka kunitoa wasiwasi, kwamba ni kawaida, kila safari ni hivyohivyo tangu aanze kazi. Na yeye yuko mwaka wa pili.

Mwaka wa pili! Mimi ndiye ninayeandika daftari la lori hili tangu macho ya Baba yaanze kufifia. Dizeli imo, oili imo, matairi, ushuru, posho, mpaka kamba na turubai. Maji hayamo hata mstari mmoja. Maji yanatoka kisimani kwetu, hayana risiti.

Vijiko viwili vya chai

Neno la Ami lilinifuata mpaka Lushoto na kurudi. Linakunywa. Tulishusha saruji, tukapakia viazi na kabichi, tukateremka, na muda wote mimi nikilitafuna neno hilo.

Injini ya dizeli inachoma dizeli. Oili nayo inakula kidogo ikishazeeka. Lakini maji haina pa kuyapeleka. Pampu inayasukuma ndani ya bloku, mwili wa injini, yanazizunguka silinda, yanapanda kwenye hedi, kichwa chake, yanakwenda kwenye rejeta kupulizwa na feni, kisha yanarudi yalikoanzia. Ni duara lililofungwa. Yakipungua yametoka, na kama yametoka pana mahali yalipopita.

Usiku ule nyumbani, Mikanjuni, Tanga, nikakaa na kalamu. Kwa mwendo wetu wa mzigo, Tanga mpaka Soni ni kama saa nne. Lita 2 kwa saa 4 ni mililita 8 hivi kwa dakika. Vijiko viwili vya chai havijai! Sasa vimwage vijiko hivyo, kidogo kidogo, juu ya chuma chenye nyuzi 80 na zaidi, huku feni inapuliza nyuma yake. Tone halifiki chini. Linageuka mvuke palepale na upepo unauchukua. Lori linaweza kuvuja kutoka Pongwe mpaka milimani na lami isipate hata alama.

Kwa hiyo ule ukavu haukuthibitisha kitu. Nilikuwa nimeangaza mahali pasipo na ushahidi.

Kuna jambo la pili nililojifunza usiku ule, nalo ndilo lililonitia hofu. Maji pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95. Kinachoisaidia injini ni kifuniko cha rejeta, kwa sababu kile si kifuniko cha kufunikia tu. Ndani yake mna springi inayobana presha. Chetu kimeandikwa 0.9, yaani bar 0.9, na kwa presha hiyo maji pwani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mfumo ukiwa na tundu, hata kama sindano, presha haikai. Unapoteza maji, na pia unapoteza zile nyuzi za akiba, tena kwenye mlima uleule unaozihitaji.

Mwaka wa pili tulikuwa tunapanda Soni bila akiba.

Gasketi

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu kwa dakika mbili. "Gasketi hiyo, dada. Tunyanyue hedi."

Sitamtaja, na wala simlaumu sana, maana huenda wengi wangesema hivyohivyo. Injini ya dizeli inaibana hewa mpaka inakuwa kama sehemu moja ya kumi na saba ya ilivyokuwa. Gasketi ya hedi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku, ikiungua mahali, ile nguvu inapenya kwenye njia za maji na kuyasukuma nje, au maji yanaingia silinda na kutoka na moshi. Lori linalopoteza maji bila kuonyesha tone, mtu ataifikiria gasketi kwanza. Ni dhana ya haki.

Tatizo langu lilikuwa kwamba ilibaki dhana. Nilimuuliza kama ameona mapovu kwenye rejeta. Hakuwa ameifungua. Nilimuuliza kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuwa amechomoa kijiti cha kupimia. Akaniambia ni uzoefu.

Nilikaa kwenye benchi la gereji ile, mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa, na nakiri nilikaribia kukubali. Bei aliyotaja ilizidi faida yetu ya miezi mitatu, lakini aibu ya kubishana na fundi mbele ya watu nayo ina bei yake. Kichwani nilishaanza kupanga nitamwomba nani mkopo.

Aliyeniokoa ni utingo, na wala hakujua kama ananiokoa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, mbona asubuhi mpira wa juu unabonyea?"

Nilimwomba afafanue. Akasema kila alfajiri, akishaongeza maji, huubonyeza mpira mkubwa unaotoka kwenye injini kuingia rejeta. Huwa mlaini, na unabaki mlaini mpaka injini ishike moto. Lori lingekuwa na gasketi iliyoungua vibaya, mpira ule ungevimba na kukaza mara tu baada ya kuwasha, injini ikiwa bado ya baridi, kwa sababu ya upepo unaotoka silinda.

Tukalingoja lori lipoe kabisa. Tukafungua kifuniko, tukajaza maji mpaka shingoni, utingo akawasha, mimi nikaweka tochi juu ya shimo la rejeta. Dakika tano. Maji yalitikisika, lakini povu moja halikuja. Moshi wa nyuma ulikuwa wa kawaida.

Nikamshukuru fundi, nikaondoka na lori langu.

Nisikudanganye kwamba niliondoka kifua mbele. Usiku ule sikulala. Gasketi inaweza kuvuja kwenye mzigo tu, ikanyamaza gari likiwa limesimama, na jaribio langu la dakika tano lisione kitu. Kama fundi yule alikuwa sahihi, basi mimi ndiye niliyekuwa naiua injini ya Baba kwa ubishi.

Wiki hiyo nilipokea ushauri wa kila aina. Jirani yetu alinisisitizia bizari, vijiko vinne ndani ya rejeta, au yai, kwamba vinaziba tundu. Ni kweli vinaweza kuziba. Vinaziba na vile vijia vyembamba vya rejeta pia, kwa sababu bizari haijui tundu lipi ni la uharibifu na lipi ni la kazi. Bizari ikabaki jikoni.

Tulibadilisha kifuniko, maana mpira wake ulikuwa umepasuka na ni kitu cha bei ndogo. Safari mbili lori likatulia. Nikaanza kujipongeza. Safari ya tatu, Mombo tu, kabla hata ya mlima, mshale ukapanda.

Mzee wa Gofu

Ami ndiye aliyesema twende Gofu, mtaa wa hapa Tanga, kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akitengeneza matrekta ya mashamba ya mkonge. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mnalitia maji gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nilidhani nimesikia vibaya. Kila mtu mwingine alikuwa ameniuliza linavuja wapi.

"Ya kisima," nikasema. "Ya kwetu nyumbani."

"Sabuni inatoa povu?"

Haitoi. Anayeijua Tanga anavijua visima vyake. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Ndiyo maana tuna mapango ya Amboni, maji yameyachimba mawe hayo kwa miaka isiyohesabika. Maji yanayokaa kwenye mawe ya namna hiyo yanayeyusha chokaa na kutembea nayo, na karibu na bahari yanachukua chumvi juu yake. Chini ya birika letu la maji ya kuogea pana ukoko mweupe mgumu kama ganda la yai. Kunywa tunakunywa ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Ya kisima ni ya kufulia, kuogea, na lori.

Mzee hakusema kitu. Akatoa pampu ya mkono yenye geji, akaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta. Injini ilikuwa baridi tangu jana yake. Alitukataza kabisa kuliwasha. Akapampu mpaka 0.9, ile namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, akaacha. Akasema ukizidisha hapo unatengeneza tundu jipya kisha unajisifu umelipata.

Baada ya robo saa geji ilisoma 0.6.

Chini bado pakavu.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwenda mbio, kwa kuwa presha inashuka na maji hayaonekani. Yanaingia ndani basi. Mzee mwenyewe alikunja uso. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwenye injini nyingi kubwa za dizeli, silinda ni mkebe uliochovywa ndani ya maji. Mkebe ule unatetemeka kila dizeli inapolipuka, na mtetemo unazaa mapovu madogo sana upande wa maji. Yanapopasuka yanachimba chuma, kishimo juu ya kishimo, mpaka siku moja maji yanapenya yenyewe. Kulanti nzuri, yale maji maalumu ya kupozea injini, ina dawa ya kuukinga mkebe. Maji matupu hayana.

"Tutajua kesho asubuhi," akasema.

Lori likalala kwake. Alfajiri akalegeza nati ya sampo nusu mzunguko, taratibu, akaweka sahani nyeupe chini yake. Maji ni mazito kuliko oili. Kama yameingia, usiku kucha yangekuwa yamezama chini, na yangekuwa ya kwanza kutoka.

Sijawahi kutazama sahani kwa makini namna ile.

Ilitoka oili. Nyeusi, iliyochoka, lakini oili tupu. Mzee akaifuta kwa kidole, akaisugua, akanionyesha. Nilishika bodi la lori nikashindwa kuongea kwa muda.

Akakaza nati, akaamuru kabini iinuliwe. Injini ikaoshwa, ikakaushwa kwa upepo wa kompresa mpaka kwenye mikunjo. Kisha akanituma dukani nikanunue poda ya mtoto. Akaipuliza juu ya bloku, upande huu na upande ule, mpaka chuma kikawa cheupe kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akapampu tena 0.9.

Tukasubiri. Utingo ndiye aliyeona, maana macho yake ni machanga kuliko yetu sote. Nyuma ya stata, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, mstari mwembamba wa kijivu ulikuwa umechorwa kwenye poda. Ulishuka kama urefu wa kidole, ukaingia chini ya stata yenyewe, ukapotelea humo.

"Hapo pana kizibo," mzee akasema.

Kizibo

Bloku ya injini humiminwa kiwandani, na njia za maji ndani yake hutengenezwa kwa mchanga ulioshindiliwa. Chuma kikishapoa, mchanga lazima utoke, kwa hiyo panaachwa mashimo. Mashimo hayo huzibwa kwa visahani vya chuma vilivyogongwa kwa nguvu. Watu husema viliwekwa kwa ajili ya barafu, maji yakiganda vitoke bloku isipasuke. Sisi huku hatuna barafu, tuna chumvi.

Mzee alifungua stata, akamwaga maji. Yalitoka mekundu ya kutu, rangi ya barabara ya Muheza baada ya mvua, pamoja na vipande vyembamba vyeupe vinavyovunjika ukivishika. Akakigonga kizibo ukingo mmoja mpaka kikajipindua, akakivuta kwa koleo. Kikakatika mkononi mwake. Upande wa nje kilionekana kizima. Upande wa ndani kilikuwa kimeliwa mpaka kubaki ngozi, na katikati pana tundu ambalo kichwa cha pini kisingepita.

Lita mbili kila safari zilikuwa zikipita hapo.

Alipofungua nyumba ya themostati, kile kilango kinachojifungua maji yakipata moto, ili asafishe, akaita tena. Themostati haikuwemo. Ami akasema bila wasiwasi, "Ilitolewa zamani, Segera, lilikuwa linachemsha." Na hapa lazima niseme ninachoamini, hata kama mafundi wengi wa barabarani watakasirika: kutoa themostati si dawa. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inaifunga pia njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta kabisa. Mlimani linazidi kuchemka. Na kwenye tambarare, bila mzigo, injini haishiki moto wake wa kazi, inachoma dizeli vibaya na kuchafua oili.

Nikauliza kwa nini lilikuwa likichemka siku zile za Segera. Mzee akanyoosha kidole kwenye vile vipande vyeupe. Rejeta ilikuwa imeanza kuziba kwa chokaa.

Nilivipanga vitu hivyo kwenye daftari, na vilivyopangana vilinikosesha raha. Maji ya kisima yalijenga ukoko. Ukoko ukachemsha injini. Kwa kuchemka, themostati ikatolewa. Ikaendelea kuchemka, kwa hiyo ikaongezewa maji. Ya kisima. Na muda wote huo chumvi ilikuwa ikila vizibo kwa ndani.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Mzee alikataa kubadilisha kizibo kimoja. Alisema vilizaliwa siku moja na vimekunywa maji mamoja. Akavitoa vyote vya ubavuni, akasugua mashimo kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi nyembamba ya gasketi, akavigonga vipya vya shaba kwa kutumia boksi la spana linalokaa sawasawa ndani ya kizibo, ili kisiingie upande. Rejeta ikasafishwa kwa kusukumiwa maji kinyume. Themostati mpya niliipima mwenyewe kwenye sufuria jikoni kwa Mama, na kipimajoto kando. Imeandikwa 82, na kwenye 82 ikaanza kufunua mdomo. Mama aliacha kukuna nazi akaja kutazama.

Kikabaki kizibo kimoja. Kiko nyuma ya bloku, upande wa gearboksi, na kukifikia ni kushusha gearboksi, klachi na flaiwili. Nilikuwa nimeishiwa pesa na mzigo ulikuwa unangoja. Mzee akakagua alivyoweza kwa kioo, hakuona unyevu. Tukakubaliana kisubiri siku ya klachi. Uamuzi huo niliufanya mimi, na sijawa na amani nao.

Tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi wala chokaa, yale ya betri yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, maana zipo mbili na zinafanana. Tukajaza polepole, injini ikizunguka, tukiibonyeza mipira mpaka mapovu yote yakatoka. Mzee akanionya juu ya kitu kimoja kwa ukali: kulanti ni tamu na ni sumu. Mbuzi ataiinamia, paka ataiinamia, mtoto pia. Iliyomwagika inaoshwa palepale, na dumu lake halirudi nyumbani kuwa la maji.

Geji ilikaa kwenye 0.9 saa nzima. Safari ya kwanza tulipanda mpaka Lushoto bila kusimama Soni. Kule juu, lori lilipopoa, utingo alifungua kifuniko kwa mazoea, akatazama, akakifunga tena. Hakuwa na la kufanya.

Dumu

Ningeweza kuandika haya yote mwezi uliopita. Kilichonizuia ni dumu.

Baba ameendesha malori kwa miaka thelathini na zaidi. Sasa ana mtoto wa jicho, na hajaona barabara vizuri kwa muda mrefu. Lakini kila siku ya safari anaamka kabla ya adhana, anapapasa mpaka kisimani, anateka, anajaza dumu, analifunga na kulibeba mpaka kwenye lori. Haruhusu mtu kumsaidia. Ndiyo kazi iliyombakia kwenye gari lake. Akimaliza anapiga bodi mara mbili kwa kiganja, na Ami anawasha.

Nitamwambiaje mtu huyo kwamba maji yake ndiyo yaliyokula injini?

Nilijaribu kujifariji. Vizibo vya chuma huoza na umri hata ukivitunza. Lori lilikuja nchini likiwa limeshatumika, na sijui huko lilikotoka lilitiwa nini. Haya ni kweli, lakini vile vipande vyeupe ni vya kwetu, navijua kama ninavyolijua birika letu. Kilichoniuma zaidi ni babu. Babu yangu alikuwa akichochea moto kwenye garimoshi, kwenye reli ileile iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Baba mwenyewe hutusimulia kwamba babu alikuwa akilalamikia ukoko wa boila, na kwamba kulikuwa na stesheni ambazo maji yake hawakuyapenda. Elimu hii ilikuwamo ndani ya nyumba yetu. Sijui iliangukia wapi kati ya babu na kile kisima.

Kwa wiki tatu nilimwacha ajaze dumu. Tulilibeba, tukalirudisha limejaa, nikalimwaga kwenye migomba akiwa amelala. Kila nilipolimwaga nilijisikia mwizi.

Alhamisi iliyopita aliniita barazani. Alisema dumu linarudi jepesi siku hizi, lakini ardhi ya migombani imelowa. Macho hayaoni, miguu ilikuwa imekanyaga tope.

Nikaenda ndani nikakileta kile kizibo, nilichokuwa nimekifunga kwenye kitambaa. Nikakiweka kiganjani mwake, nikamweleza kila kitu kuanzia Soni. Sikumficha swali la mzee wa Gofu.

Baba alikigeuza kwa muda mrefu. Alikipitisha kidole gumba upande wa nje, akakipitisha upande wa ndani, akalitafuta tundu kwa ukucha mpaka akalipata. Kisha akakwangua ule unga mweupe ukingoni, akauweka kwenye ncha ya ulimi kabla sijamzuia.

"Chumvi," akasema.

Nilisubiri. Kuku walipita, jirani akasalimia, Baba akaitikia. Nilidhani amemaliza na sitasikia tena neno.

"Na cha nyuma?" akauliza. "Cha upande wa gearboksi. Mmekitoa?"

Nikamwambia tumekiacha, tunasubiri klachi.

"Nani amesema kisubiri?"

"Mimi, Baba."

Akanirudishia kizibo mkononi, akanikunja vidole juu yake. "Hicho hakina feni ya kukikausha, mwanangu. Kikipasuka kitamwaga kwenye klachi, na mtakuwa mlimani."

Lori linakwenda Gofu Jumatatu, kushushwa gearboksi. Nimeomba mkopo kwa dada yangu wa Muheza. Baba amesema atakuja na sisi, atakaa pale chini ya mwembe na yule mzee, na ametaka kigoda chake kipakiwe.